Theuri na Moto Usio na Moshi

Katika kanisa la Giakanja kulikuwa na benchi moja ambalo halikujaa hata siku ya Pasaka. Watu walisimama mlangoni, watoto walipakatwa wawili wawili, wazee wa kanisa walijibanza karibu na mimbari, lakini benchi lile la dirishani lilikaliwa na mtu mmoja tu. Huyo alikuwa Moffat Theuri, ndani ya koti lake la kahawia lililopigwa pasi, akiimba sauti ya nne kwa moyo wake wote. Hakuna aliyemchukia. Walimpa mkono, wakamuuliza habari za kazi, wakamwambia Mungu ambariki, halafu wakaenda kukaa mbali. Mhubiri mwenyewe, siku aliyohubiri juu ya sadaka yenye harufu nzuri, alijikaza sana asitazame upande wa dirisha.

Tuseme ukweli tu: alinuka. Na haikuwa kwa uchafu, maana mtu huyu alioga kuliko bwana harusi. Alijisugua kwa sabuni ya kipande mpaka masikio yakang'aa, akajipaka mafuta, akabadilisha nguo mpaka soksi. Lakini kazi ya ngozi haisikii sabuni. Ukiishika miaka kumi na tano, nayo hukushika, na popote uendapo inatangulia kubisha hodi.

Alikuwa mkwanguaji katika kiwanda kidogo kilichokuwa bondeni, chini ya mji wa Nyeri, mali ya Kulmiye, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki. Lori la Kulmiye lilileta ngozi mbichi kutoka Timau na kwingineko, zikalowekwa kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yakalegea, kisha Theuri akazitandaza juu ya gogo na kuzikwangua kwa kisu chenye mishikio miwili. Manyoya upande huu, nyama na mafuta upande ule. Baadaye ngozi zililala kwenye mapipa ya magome ya miti ya miwati, na huko zikageuka kuwa soli, mishipi, na zile kamba pana ambazo kina mama huweka kwenye paji la uso wakibeba kuni. Ngozi ikitoka pale ilikuwa nzuri hata ungetaka kuilalia. Shida ilikuwa mabaki. Kila wiki chungu ya nyama na mafuta ilipanda nyuma ya kiwanda, mbwa wa mji mzima wakanenepa, na mvua ikinyesha chungu yote ikateremka kijitoni.

"Theuri," Kulmiye alimwambia siku moja, akiwa amefunika pua kwa ncha ya kilemba, "watu wa huko chini wanasema ng'ombe wao wamekataa maji. Sasa wewe niambie. Ng'ombe anaogopa harufu ya ng'ombe?"

"Labda anamkumbuka jamaa yake, bwana Kulmiye."

"Basi tafuta mahali pa kumzika huyo jamaa. Wakinifungia kiwanda, wewe utarudi kulima viazi, na mimi nitakosa mtu wa kuniambia upuzi kama huo."

Theuri alilichukua neno lile akaenda nalo nyumbani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Watoto wa shule walikuwa wakinywa maziwa ya bure, na askari wa msitu walikuwa wakiwafukuza kina mama walioingia kuokota kuni. Mwaka huo kwenye maonyesho ya kilimo ya Nyeri, bwana mmoja wa kilimo alionyesha watu jambo la ajabu: shimo lililojaa mavi ya ng'ombe na maji, pipa kubwa limefunikwa juu chini, mpira umetoka kwenye pipa mpaka jikoni, na jikoni sufuria ya chai inachemka bila kuni hata moja. Watu walitazama, wakacheka, wakaenda kuangalia fahali wa gredi. Theuri alibaki.

"Na ukiweka kitu kingine cha ng'ombe, si mavi?" aliuliza.

"Kinachooza chote kitatoa gesi, mzee," bwana kilimo alimjibu. "Lakini anza na mavi. Mavi kwanza."

Alieleza vizuri, kwa upole, akarudia. Na Theuri akasikia yale aliyotaka kusikia tu. Njiani kwenda nyumbani alijifanyia hesabu yake: mavi yametoka ndani ya ng'ombe, nyama hii imetoka chini ya ngozi ya ng'ombe huyo huyo, shimo litajuaje tofauti? Akachimba shimo nyuma ya jiko lake, fundi akamchomelea pipa, na mkokoteni wa punda ukaleta mabaki kutoka kiwandani yakiwa bado meupe kwa chokaa. Akafunika. Akangoja.

Harufu ilitoka. Gesi haikutoka. Wiki zikapita, pipa limekaa pale pale kama mgeni asiyejua kuaga, na upepo wa mlimani ukaichukua ile harufu ukaigawa kijiji kizima bila upendeleo. Jirani yake Kagure, mjane mwenye ulimi usiolala, alisimama upande wa pili wa ua akiwa ameziba pua kwa leso.

"Theuri, kama umeamua kufa," alisema, "kufa kama watu wengine, tukuzike."

Ikabidi arudi kwa bwana kilimo kofia mkononi. Yule bwana hakumcheka, ingawa alikuwa na haki. Alimwambia chokaa ndiyo iliyoua vile vijidudu vya kuozesha, kwa hivyo ayaoshe mabaki mpaka maji yatoke safi, ayakatekate, kisha ayachanganye na mavi, mavi yawe mengi. "Nilikuambia mavi kwanza," akamalizia. Theuri akaenda kulikomba lile shimo lote kwa ndoo. Ni kazi ambayo sitaieleza, kwa sababu huenda msomaji amekula sasa hivi.

Safari ya pili mambo yakawa mengine. Pipa lilianza kuinuka polepole, kama unga wa mandazi uliofunikwa karibu na meko. Theuri aliamka kila asubuhi kulipima kwa macho, akalipigapiga ubavuni, akalisemesha. Siku aliyoona limepanda vya kutosha alifungua mpira jikoni, akatafuta kiberiti, akakikosa, akakitafuta tena, na gesi wakati huo wote inatoka. Alipokipata akakiwasha. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake dirishani, akiimba sauti ya nne, bila nyusi hata unywele mmoja. Lakini moto aliuona: wa buluu, mdogo, mtulivu, usio na moshi wala majivu. Alikaa mbele yake akilia na kucheka, na hakuona aibu.

Na lile rojo lililotoka shimoni baada ya gesi, akalimwaga kwenye kabeji. Kabeji zikashindwa kujizuia. Zilitanda, zikafunga, zikawa za kubebwa kwa mikono miwili. Kagure, ambaye bado alikuwa akizungumza habari za kumpeleka kwa chifu, akaanza kuonekana penye mwanya wa ua, ndoo ya rojo mkononi. Alipoulizwa alisema shamba lake halina pua.

Sasa, mtu aliye na moto wa buluu na kabeji za kubebwa kwa mikono miwili anakosa nini? Mke. Theuri alikuwa amepita miaka arobaini, mama yake alishafariki, na jiko lilikuwa na sufuria moja ya mtu mmoja. Wasichana wa rika lake walishakuwa nyanya wa watu.

Pale soko la Nyeri kulikuwa na mwanamke wa Kangema aliyeitwa Wachuka, mfumaji wa sweta. Alikuwa na mashine yake ya kufumia, kibanda cha mbao, na mdomo usiotafuna maneno. Theuri alinunua sweta kwake. Wiki iliyofuata akanunua nyingine. Halafu ya kijani. Halafu ya mistari. Nyeri kuna baridi, sawa, lakini si baridi ya namna hiyo.

"Wewe ndiye yule wa ngozi," Wachuka alimwambia siku ya ile ya mistari, bila kuinua macho kwenye mashine. "Nilijua unakuja kabla hujafika kwa mlango."

Theuri alisimama na sweta mkononi. Kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Walikuwa wakihama benchi, wakifungua madirisha, wakikumbuka ghafla kwamba wameacha kitu nyumbani. Na huyu amesema tu, kama anavyosema kuna mawingu. Alijisikia mwepesi hata akacheka kwa sauti.

"Unacheka nini? Unaua sweta zangu. Hakuna mtu atanunua nikisema ndizo anavaa yule wa ngozi."

"Basi usiniuzie nyingine," Theuri alisema. "Niketi tu."

Akaketi. Siku nyingine akaketi tena. Wachuka alimwambia habari zake bila kuzipamba. Aliwahi kuolewa akiwa msichana, mama yake akikataa, yeye akashupaa akaenda, na akarudi Kangema amebeba mashine ya kufumia na hana kingine. "Nilimpita mama mara moja," alisema. "Sitampita tena. Akisema hapana, Theuri, ni hapana, hata kama nitalia." Theuri alielewa vizuri. Kila kitu alichokitaka duniani kilikuwa mkononi mwa mwanamke mmoja wa Kangema ambaye hajawahi kumwona, aitwaye Murugi.

Huyo Murugi macho yake yalikuwa na ukungu. Daktari wa hospitali ya misheni alisema ni moshi wa jikoni, miaka na miaka ya kupuliza kuni. Murugi alimjibu kwamba daktari hajawahi kupika hata yai. Kwake yeye moshi ulikuwa kama jamaa wa nyumbani: unafukuza wadudu kwenye mahindi, unakausha paa lisivuje, unapevusha watoto, na unatangazia majirani kwamba hapa kuna mwanamke na kuna chakula. Jiko lisilo na moshi aliliita duka.

Wachuka alilijua jiko la Theuri. Kagure alimsindikiza siku moja kulitazama, kwa heshima zote, akapika chai juu ya ule moto wa buluu. Chai ilipoiva hakuinuka. Alikaa kwenye kigoda, kikombe kimepoa mkononi, akiutazama moto kwa macho makavu. "Mama yangu hajui jikoni kunaweza kuwa hivi," alisema.

Mambo ya wazee ya kumposa Wachuka yalikwenda salama. Mbuzi walipelekwa, pombe ya miwa ikanywewa, wajomba wakaridhika. Kulmiye mwenyewe alitoa beberu mmoja mnene na kumshauri Theuri asimkumbatie njiani, asije akanuka. Ilibaki siku ya kina mama, siku ya itara.

Itara ni ule uchaga wa fito juu ya meko, mahali pa kukaushia kuni. Kwa Wagikuyu mama wa msichana na wanawake wa kwao huja kuona jiko ambalo binti yao atapikia, na hawaji mikono mitupu. Huja na viondo vya vyakula na mizigo ya kuni mgongoni, wakazipanga kuni zile kwenye itara kwa mikono yao wenyewe, wakala, wakaimba, na hapo ndipo nyumba inakuwa nyumba. Murugi alituma neno kwamba atakuja yeye mwenyewe, na kwamba hataki kuhadithiwa jiko, atalisikia mwenyewe kwa pua yake.

Theuri akajiandaa. Hapo ndipo alipoharibu. Alitaka jiko lionekane la kisasa, basi akapaka kuta chokaa zikawa nyeupe pe, akafagia masizi ya miaka ya marehemu mama yake, akatazama juu, akaona ile itara kuukuu imekaa pale, nyeusi, tupu, haina kazi. Akaing'oa. Fito zake akaenda kuzisimika shambani ziwe za kutambalia minji, yaani njegere.

Asubuhi ya siku yenyewe Kagure, aliyekubali kuwa mwenyeji kwa niaba ya marehemu, alifika kupika. Alipika mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, nyama ya beberu wa Kulmiye na chai ya sufuria mbili, akimsifu Theuri kwa ule weupe wa kuta. Kisha akainua kichwa.

"Theuri. Itara iko wapi?"

"Ya nini? Si kuna gesi?"

Kagure aliketi chini taratibu kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. "Wanawake wametoka Kangema na kuni mgongoni," alisema. "Wataziweka wapi, kichwani mwako?"

Kabla Theuri hajajibu nyimbo zilisikika njiani.

Walikuja mstari mmoja, wameinama chini ya mizigo, kamba za ngozi kwenye paji la uso, na kamba zile, kama wangejua, nyingine zilipitia mikononi mwa Theuri. Makondakta wa basi walikuwa wamegombana nao asubuhi nzima juu ya zile kuni na wakashindwa. Mbele alikuwa Murugi, mdogo wa mwili, ameshikwa mkono na Wachuka. Kwa desturi wangeimba langoni mpaka waruhusiwe kuingia. Waliimba beti chache tu. Murugi akainua mkono, nyimbo zikakatika, akainua pua.

"Sisikii moshi," alisema.

Wanawake wakatazama juu ya paa la jiko. Kweli, hakuna. Mbingu safi, buluu, haina hata uzi.

"Penye moto hapakosi moshi," Murugi alisema. "Hapa hapajapikwa. Watu tumepanda basi na kuni, tumetukanwa na makondakta, kumbe tunakwenda kwenye jiko limelala." Akautua mzigo wake chini, akaukalia. "Nipumzike, kisha tunarudi."

Wale wengine nao wakatua mizigo. Theuri alikuwa amesimama ndani ya lango, na hali yake ilikuwa ya kuhurumiwa, kwa sababu mtu hasemezani ana kwa ana na mama mkwe, seuze ambaye hajakubali kuwa mama mkwe. Ilimbidi kumwambia Kagure, aliyesimama hapo hapo, maneno ambayo Murugi aliyasikia yote.

"Mwambie mama chakula kiko tayari. Moto upo."

"Mwambie huyo," Murugi alisema, "moto usio na moshi nimeusikia kwa wachawi tu."

Kagure alimvuta Theuri kando. "Niache niwashe majani mabichi nyuma ya nyumba," alimnong'oneza. "Moshi upande kidogo, waingie, wale, yaishe."

Theuri alimtazama Wachuka. Alikuwa amesimama kando ya mama yake, kichwa chini, kidole kikizungusha kifungo cha sweta, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshaanza kukubali. Majani mabichi yalikuwa pale pale, kiberiti mfukoni. Ingekuwa rahisi. Lakini yule mwanamke haoni vizuri, na kumwekea moshi wa uongo puani ni kumwongoza kipofu kwa kamba ya uongo. Na Wachuka angejua.

"Hapana," alisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Mwambie mama ni gesi. Inatoka shimoni. Na shimoni nimeweka mavi ya ng'ombe na mabaki ya ngozi, zile nyama tunazokwangua kiwandani."

Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa shuka. Murugi aligeuza pua kuelekea jiko.

"Kwa hivyo ile harufu niliyoisikia kutoka barabarani," alisema, "nilidhani ni mkwe. Kumbe ni chakula."

Mmoja akacheka, akajizuia, mwingine akamfuata, na mwishowe mstari mzima wa wanawake wa Kangema ukawa umejishika mbavu juu ya mizigo ya kuni. Hata Wachuka akauma mdomo. Murugi tu ndiye hakucheka. "Mkwe nilikuwa nimeamua kumvumilia," aliendelea. "Chakula hatukuambiwa."

Kagure, ambaye ni mjanja, aliona mwanya. Mtu aliyeimba langoni haachwi koo likiwa kavu, hata kama anarudi kwao. Akaleta chai. Murugi alipokea kikombe, akanusa, akanywa kidogo, akatulia, akanywa tena.

"Chai hii ina kasoro," alisema. "Haina moshi. Ina majani na maziwa tu."

"Ndiyo chai, mama," Wachuka alisema.

Murugi akakimaliza kikombe. Akaomba kingine ili aijue vizuri ile kasoro iko wapi. Alipokimaliza cha pili alisimama, akajikung'uta. "Nionyesheni huyo mwongo wa moto."

Mlangoni mwa jiko alifanya kama wafanyavyo wanawake wote wa umri wake. Aliinamisha kichwa, akajiziba pua kwa shuka, akafumba macho, kisha ndipo akaingia. Alikaa kwenye kigoda hivyo hivyo, amefumba, amekaza uso, anangoja uchungu ufike. Theuri alibaki nje, mgongo ukutani, akisikiliza.

"Uko wapi huo moshi?" Murugi aliuliza.

"Hakuna, mama. Fungua macho."

"Niyafungue yaumie?"

"Hayataumia. Fungua."

Aliyafungua kidogo, tayari kuyafumba tena. Hayakuuma. Akayafungua zaidi. Kuta nyeupe zilirudisha mwanga wa mlangoni, ule moto wa buluu ulikuwa ukicheza chini ya sufuria, na ng'ambo ya moto kulikuwa na mtu ameinama. Murugi alimkodolea.

"Sogea," alisema.

Wachuka akasogea mpaka magoti yakagusana. Mama yake aliinua mkono, akamvua kitambaa kichwani, akashika nywele za juu ya sikio.

"Hii ni nini? Unga?"

"Ni mvi, mama."

"Mvi za nani?"

"Zangu."

"Tangu lini?"

"Kitambo. Tangu niliporudi nyumbani."

"Na tumekuwa tukikaa jikoni pamoja kila wikendi ukija," Murugi alisema, "na sikuziona." Wanawake waliokuwa mlangoni waliacha kusukumana. Theuri huko nje alitazama kabeji zake bila kuziona, na machozi yakamtoka, na mtu angemuuliza angesema ni moshi, lakini moshi haukuwepo.

Murugi alikuwa wa kwanza kujirudi. Alitazama juu, akapapasa hewani kwa mkono, hakugusa kitu.

"Itara iko wapi?"

Kagure akatoa kichwa mlangoni. "Theuri, mama anauliza itara."

"Mwambie," Theuri alisema, na angependa ardhi impasukie, "iko kwenye minji."

"Kwenye minji," Murugi alirudia. "Mwambie aende aiondoe kwenye minji sasa hivi."

Basi wanawake wa Kangema wakajionea mtu mzima katika koti la pasi, na sweta ya mistari ndani yake, aking'oa fito shambani, minji imemning'inia mabegani. Aliingia jikoni kinyumenyume ili asimtazame mama usoni, akapanda juu ya debe, akafunga fito moja moja kwa vipande vya ngozi, juu kabisa, mbali na moto. Debe lilitikisika. Wanawake wakampa ushauri wote kwa pamoja. Wachuka alilishika debe.

"Kagure," Murugi alisema kutoka kigodani, "mwambie mkwe wangu hiyo fito ya mwisho imelegea. Nimeiona."

Mikono ya Theuri ilisimama hewani. Kagure alifungua mdomo aufikishe ujumbe, akaona hakuna haja. Wachuka alikuwa ameegemeza kipaji cha uso kwenye debe, na mabega yake yalikuwa yakitikisika, na hata waliokuwa karibu hawakujua kama analia au anacheka.

Kuni zikapandishwa, mzigo baada ya mzigo, zikapangwa vizuri mpaka itara ikajaa. Murugi akatoa amri kwamba zisiguswe. Hizo ni za heshima, alisema, atakayezipikia atamjua yeye. Kisha wakala. Walikula mukimo, wakala nyama, wakakubaliana kwamba nyama haina kasoro, na mmoja wao akamwomba Kagure kwa faragha ndoo ya lile rojo la kabeji. Kagure alimwambia ni lake.

Jua lilipoanza kushuka walifunga viondo vyao wawahi basi. Wakaanza kuimba wakielekea langoni, mmoja akageuka, akaona hawajatimia. Wakarudi mlangoni mwa jiko.

"Mama Wachuka, twende, basi haitungojei."

"Tangulieni," Murugi alisema. Hakuwa ameinuka. "Mwambieni mzee wangu wa nyumbani macho yangu hayajamaliza kupumzika."

Walisimama wakitazamana. Yeye hakuwatazama. Alikivuta kigoda karibu na moto, akaweka mikono magotini.

"Wachuka," alisema, "uongeze kidogo huo moto, kisha ukae pale pale ulipokuwa. Sijamaliza kukuangalia."